Moto wa Kahonzi Kwenye Mwamba wa Fundo

Mjomba wangu Dzombo hajui kuogelea mpaka leo, na kazi yake ni kukaa baharini. Watu wa Ngomeni hucheka wakiyasema maneno hayo mawili pamoja, naye huwaacha wacheke. Mimi nimekaa kwake mara nyingi, mamangu akinituma kumpelekea unga, na nimeona nimwandike jinsi alivyo, pamoja na habari ya siku tuliyompelekea msiba. Habari hiyo kila mtu anaisimulia kwa namna yake, na wengine wanamwongezea Kahonzi wa Ngomeni maneno ambayo hakuyasema. Aliyoyasema yanatosha.

Fundo ni mwamba ulioko nje ya Ngomeni. Maji yakijaa huonekana kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Yakipwa, miamba mingine midogo na mafungu ya mchanga hutokeza pande zote, na njia za maji katikati yake huzungukana hivi na hivi, ndiyo sababu ukaitwa Fundo: chombo kikiingia pale hakijui pa kutokea. Zamani vilivunjika vingi. Ziko nyumba Ngomeni zenye milango mizuri na boriti nene ambazo wenyewe hawakuzinunua popote.

Baadaye serikali ikajenga mnara. Si mnara mkubwa. Ni chumba kimoja cha mawe na chokaa, juu yake kijumba cha vioo, na ngazi ya chuma baina yao. Taa yenyewe ni ya utambi, ina tangi la shaba linalotiwa mafuta. Kioo cha upande wa miamba ni chekundu, cha upande wa bahari kuu ni cheupe. Nahodha akiona nyekundu anajua amesogea mno, ageuze. Upande wa bara hapapiti chombo, wala hapakutakiwa mwanga, lakini fundi aliacha kioo kitupu pale vilevile. Kosa hilo la fundi ndilo lililoleta ugomvi wa mjomba na Kahonzi.

Dzombo alizaliwa ng'ambo ya mto Sabaki, mtoto wa katikati wa bibi yangu Kavumbi. Wa kwanza ni Lewa, wa mwisho ni mamangu, Kadii. Baba yao alikufa wakiwa wadogo. Siku ya kusimamisha koma ya baba, yaani kile kigingi cha mti kinachosimikwa mjini ili marehemu apate mahali pa kukumbukwa na kumwagiwa tembo, Lewa alishika mti kwa mikono yake, na Dzombo alikuwa mgongoni mwa shangazi, amelala. Nimemsikia akiyasema hayo zaidi ya mara moja. Husema, "Mimi ya baba sikuishika. Nilikuwa nimelala." Halafu huendelea na kazi aliyokuwa akiifanya.

Walikuwa watu wa kulima. Mahindi, mihogo, ufuta wa kuuza Malindi kwa Lakhamshi, Mhindi mwenye duka la karibu na soko. Mnara ulipojengwa, watu wa kubeba mawe walitafutwa, na Dzombo akaenda pamoja na vijana wengine wa Sabaki. Jioni wote walirudishwa pwani kwa dau, siku ya pili wakaletwa tena. Yeye safari ya kwanza tu alitapika mpaka wakamhurumia. Jioni ilipofika akakataa kupanda dau. Akasema atalala palepale mwambani. Kesho yake vilevile. Wenzake walidhani ana ushujaa, kumbe alikuwa akiogopa kurudi.

Kazi ilipokwisha, msimamizi wa ujenzi akauliza nani atakaa na taa. Wavuvi wa Ngomeni walikataa, maana wana nyavu zao, na wengine walisema usiku pale husikika watu waliozama wakiulizana njia. Msimamizi akamtazama Dzombo, aliyekuwa ameketi juu ya mfuko wa chokaa akila muhogo wa kuchoma.

"Na wewe je? Si unalala hapa siku zote?"

"Nalala," Dzombo akasema.

"Umewasikia hao waliozama?"

"Nawasikia wavuvi tu, asubuhi, wakitukanana."

Basi akapewa kazi.

Kazi yake naijua. Asubuhi huzima taa, huacha vioo vipoe, kisha hupanda na majivu yaliyochungwa na kitambaa cha kanga kuukuu, akavisugua kimoja kimoja mpaka masizi yatoke. Hukata utambi kwa makasi, sawasawa, maana ukiwa na pembe hutoa moshi na kioo kikawa cheusi kabla ya usiku kwisha. Hujaza mafuta. Hufunika vioo kwa gunia ili jua lisivipasue. Baada ya hapo siku nzima ni yake, naye hulima. Ndiyo, hulima. Bibi alikuwa akimtumia udongo wa Sabaki katika vikapu, na mjomba ameutia katika masanduku ya mbao yaliyoletwa na mawimbi, akapanda pilipili na mchicha. Upepo wa chumvi huua nusu. Nusu iliyobaki huila na kuisifu.

Kila alipokwenda nyumbani, bibi alimwuliza, "Huko unakolima mawe, mwanangu, mavuno yakoje?"

"Mawe yamestawi, mama. Hayana ndege waharibifu."

Lewa hakupenda mzaha huo. Yeye ndiye aliyebaki na shamba, na mama, na ng'ombe, na mambo yote ya mji. Kila panapotakiwa mtu wa kuamua, yuko yeye, na kila panapotakiwa ndugu wawili, yuko mmoja. Aliwaambia watu kwamba mdogo wake amekuwa mtoto wa taa.

Sasa Kahonzi. Kwa umri wake mimi humwita bibi, lakini hapa nitamtaja kwa jina ili asichanganywe na bibi yangu. Ni Mgiriama kama sisi, aliolewa Ngomeni, akafiwa na mume, akabaki na mtoto mmoja, Charo, ambaye ni baharia. Yeye hukaanga samaki pwani na kuuza. Nyumba yake ndiyo ya mwisho upande wa bahari, na dirisha lake linatazamana na Fundo. Tangu usiku wa kwanza wa taa, ule mwanga wa kioo kitupu uliingia ndani kwake.

Mjomba akija Ngomeni kuchukua maji, Kahonzi alimngoja na mwiko mkononi.

"Wewe, mwenye jua lako! Kuku wangu hawalali. Jogoo anawika saa za wachawi."

"Mchinje, Mama Charo."

"Nichinje jogoo kwa sababu yako? Ziba hicho kioo."

"Si changu kukiziba. Ni cha serikali."

"Basi iambie serikali ije ilale na kuku wangu."

Watu walikuwa wakisogea kusikiliza, maana kila safari alikuwa na neno jipya. Mjomba alijaza mitungi yake, akapanda dau macho kafumba, akarudi.

Bibi Kavumbi hakuwahi kufika mwambani. Bahari aliiogopa kuliko mwanawe. Lakini mwaka mmoja, baada ya mavuno ya ufuta, alitembea na mimi mpaka Ngomeni ili aione hiyo taa kwa macho. Giza likatukuta, na mlango tuliobisha ni wa Kahonzi, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Alitupa samaki na mkeka. Bibi alikaa dirishani muda mrefu. Mwanga ulimpiga usoni na yeye hakujikinga. Akasema, "Yule ni wangu. Hajalala."

Kahonzi akamjibu, "Hata mimi sijalala, dada, kwa sababu yake yeye." Wakacheka wote wawili. Asubuhi tukarudi Sabaki. Hiyo ndiyo mara moja tu.

Bibi alikufa mwaka jana, mvua zikikaribia. Aliugua siku chache, akafa jioni, bila kelele. Usiku uleule Lewa alimtuma mtu Malindi kwenda kumwomba bwana wa bandari alete mtu wa kushika taa, ili Dzombo apate kuja kuzika. Alfajiri jibu likarudi kwamba mtu yuko, jina lake Gona, lakini hawezi kufika mwambani kabla ya kesho. Lewa akasema mazishi yatangoja mpaka kesho. Akamchukua mamangu na mimi, tukaenda Ngomeni, tukakodi dau la Thoya, na mchana tukafika Fundo.

Kwa watu wa mji wetu, msiba haupigiwi kelele kwa mtu aliye mbali. Mjomba alitutazama tukipanda mawe, akatabasamu alipomwona Lewa, kwa sababu Lewa hakuwahi kufika. Mamangu hakumsalimu. Alimpita, akaingia chumbani, akainua mtungi wa maji, akaumwaga mafigani. Moto ukalia, majivu yakaruka. Halafu akaona kandili ndogo iliyokuwa ikiwaka pembeni, ile ambayo mjomba huitumia kuwashia taa ya juu, akaipuliza ikazimika.

Mjomba aliutazama mvuke ukitoka mlangoni. Akauliza, "Mama?"

"Mama," mamangu akajibu.

Akaketi palepale kizingitini. Sisi nasi tukaketi. Thoya akaita kutoka daoni kwamba maji yanapwa na hawezi kungoja, atakwama maweni. Lewa akamwambia aende, arudi maji yakipanda. Thoya akaondoka.

Sharti lenyewe ni hili. Mtu akifiwa, jiko lake hupigwa maji, na mkono wake hauwashi moto tena mpaka hanga, yaani matanga yetu, yafike mwisho. Halali njaa, maana majirani humletea chakula. Hata moto ukihitajika, wa kumwashia mtoto mdogo au mgonjwa, hupaliwa kwa jirani, na jirani mwenyewe huuleta. Mfiwa akijiwashia, ni kama amesema kifo hicho hakikuingia kwake. Na ambaye kifo hakikuingia kwake hatii udongo kaburini, wala hashiki koma.

Mjomba alilia kidogo, kimya, akajipangusa kwa shuka. Kisha akatazama jua.

"Leo jahazi la Lakhamshi linatoka Lamu na boriti," akasema. "Mtu wake aliniambia alipoleta mafuta. Litapita hapa giza likishaingia."

"Litapita," Lewa akasema.

"Bila taa litapita wapi, kaka?"

"Zamani yalipita wapi?"

"Yalipita pale," mjomba akasema, akanyoosha kidole kwenye mbavu za chombo cha kale zilizokuwa zimetokeza mchangani, zimeota chaza.

Lewa hakugeuka kutazama. "Lakhamshi ndiye aliyekunyonyesha?"

"Jahazini hakuna Lakhamshi. Lakhamshi yuko dukani anapima sukari. Mle wamo mabaharia."

"Na aliyelala mkekani kule nyumbani ni nani? Dzombo, mimi nimekuvumilia. Umekosa mavuno, umekosa arusi ya mwanangu, mama akiugua uko huku unasugua vioo. Sikukwambia kitu. Leo nimekuja mwenyewe mpaka katika mawe haya nikuchukue, watu wasiseme Kavumbi alizaa mtoto mmoja. Sasa wataka kuwasha moto na maiti ya mama haijafunikwa?"

"Si moto wa kupikia."

"Unaunguza?"

"Unaunguza."

"Basi ni moto."

Mamangu akasema, "Kaka, Thoya akirudi si anaweza kuuwasha yeye? Yeye hakufiwa."

"Thoya tumemkodi. Mtu wa kukodi si jirani. Moto ni utoke jikoni mwa jirani, uletwe kwa mkono wa jirani." Akamgeukia mjomba. Sasa hakuwa na hasira, alikuwa akiuliza tu. "Haya, taja jirani yako. Una jirani wewe?"

Mjomba alitazama huku na huku. Maji, mawe, ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja.

"Ninao kaa," akasema. "Na pweza mmoja chini ya ngazi, lakini yeye si mtu wa kutegemewa."

Mamangu alicheka huku akilia. Lewa hakucheka.

Jua lilikuwa limeinama. Mjomba alisimama, akaondoa gunia la vioo, akapanda na kitambaa chake. Vioo alikuwa amekwisha kuvisafisha asubuhi, nilimwona, lakini akavisugua tena vyote. Akakata utambi ambao ulikuwa umekwisha kukatwa. Nilipanda ngazi nusu, nikakaa pale kwa sababu chini Lewa alikuwa akizunguka na sikutaka kuwa njiani mwake.

Mjomba alitoa kibiriti katika mkunjo wa shuka akakiweka juu ya tangi la shaba. Akasema kwa sauti ya kutosha kufika chini, "Kaka Lewa. Jua likigusa ile minazi ya Ngomeni, nitawasha."

Lewa akasimama. "Washa. Kesho utaizika taa yako, na mimi nitamzika mama yangu. Na siku ya koma usije. Utakaa wapi? Kwa wafiwa huna mahali, na kwa wageni utatuaibisha."

"Nimesikia."

"Umesikia na utawasha."

"Nitawasha." Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na sijamwona mtu akikaa wima namna ile. "Ya baba sikuishika. Hii nilidhani nitaishika. Basi."

Kati ya jua na minazi palibaki nafasi ya kiganja. Mimi nilikuwa nikiutazama upande huohuo, ndipo nikaona dau.

Thoya alikuwa anakuja mapema, maji hayajapanda vizuri, anajisukuma kwa upondo akipinda baina ya mafungu ya mchanga. Katikati ya dau alikuwa ameketi Kahonzi. Alikuwa na chungu kichwani, amekishika kwa mikono miwili, na wimbi lilipomrushia maji alimtukana Thoya, na wimbi, na mama yake wimbi. Sauti ilitufikia kabla yake.

"Polepole, wee! Umebeba mtu au umebeba nazi?"

Thoya alikuwa amefika Ngomeni akawaambia watu kwamba jiko la Dzombo limepigwa maji. Kahonzi alikuwa akikaanga. Charo, mwanawe, ndiye mshika sukani wa jahazi la boriti. Hakuuliza jambo jingine. Aliuteua mkaa wa makumbi na wa mkoko chini ya kikaango chake, akautia chunguni juu ya majivu, akafunika kwa kigae, akamwacha mteja na samaki wake mbichi.

Alipanda mawe kwa miguu mitupu, bila kushikwa mkono. Akasimama mbele ya Lewa.

"Poleni na msiba."

"Tumepoa," Lewa akasema. "Una nini humo, mama?"

"Moto. Yuko wapi mwenye jua lake?"

"Yuko juu. Huo moto ni wa nani?"

"Wangu. Umetoka jikoni kwangu. Ukiunusa utasikia harufu ya samaki wangu."

Lewa hakumpisha njia. Alikuwa mtu wa masharti, na hata pale alitaka sharti liende sawasawa. "Mama, tusiudanganye msiba. Moto wa mfiwa huletwa na jirani. Wewe uko Ngomeni, yeye yuko huku, kati yenu bahari. Umekuwa jirani yake tangu lini?"

"Tangu taa yake iingie dirishani kwangu bila hodi," Kahonzi akasema. "Kila siku! Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuwa nyumbani usiku mwingi kama huyu nduguyo. Kuku wangu wanamjua. Jogoo amepotewa na akili kwa ajili yake. Kama huyo si jirani, basi mimi sijui jirani anavyokuwa."

Lewa alifungua mdomo. Kahonzi hakumpa nafasi.

"Na mama yenu alilala kwangu. Mwulize huyu mtoto." Akanielekezea kidevu. "Alikula samaki wangu, akalala mkeka wangu, akakaa dirishani kwangu kumtazama mwanawe. Mama amekuja kumwona mtoto wake, amelala kwa nani? Kwa mpita njia?"

Lewa akanitazama. Nikasema, "Ni kweli, mjomba. Tulilala kwake."

"Hakunambia," Lewa akasema. Aliyasema kama mtu anayejisemea.

"Labda hukumwuliza," Kahonzi akajibu. "Sasa nipishe, chungu kinaniunguza. Wala usidhani ninamletea yeye. Ninamletea mwanangu. Lakini atakayepokea ni yeye."

Lewa akampisha. Alifanya na zaidi, akamshikia ngazi.

Kule juu kigae kilipofunuliwa, makaa yalikuwa meusi. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia. Kahonzi akachokora majivu kwa kidole, akapata kaa moja chini kabisa lenye wekundu mdogo kama mbegu ya pilipili. Akalipuliza. Mjomba alitaka kusaidia, akamkatalia, "Mikono yako weka nyuma. Umefiwa." Akaliwekea nyuzi za makumbi, akapuliza tena, mashavu yamejaa, macho yanatoka machozi kwa moshi. Zikashika. Akaupeleka moto kwenye utambi kwa mkono wake mwenyewe, na mjomba akawa anamwambia tu, mikono iko nyuma kama mtoto wa chuo cha Kurani, "Usiusogeze sana. Hapo. Sasa teremsha kioo. Polepole, Mama Charo, usikiguse kwa vidole."

"Nimekaanga samaki kabla hujazaliwa."

"Huyu si samaki."

Taa ikashika. Jua lilikuwa limekwisha kuingia minazini. Mjomba alichukua kile kibiriti akampa Kahonzi. "Nenda nacho. Mimi sina kazi nacho kwa sasa."

Tulilala mwambani sote, maana haikuwezekana kurudi. Kahonzi ndiye aliyeamka kuangalia utambi kila mjomba alipomwambia. Lewa hakulala. Nilimsikia akimwuliza mjomba nyekundu ni ya nini na nyeupe ni ya nini, naye akimweleza. Jahazi lilipita. Halikupiga baragumu wala hakuna aliyepiga kelele. Asubuhi tuliliona limetia nanga Ngomeni, boriti zinashushwa, na Charo yuko pwani akila samaki aliyeachwa na mteja.

Gona alifika na dau la bandari, tukaenda Sabaki. Dzombo alitia udongo.

Siku zote za hanga Kahonzi alileta chakula. Ngomeni na kwetu si karibu. Alikuja kwa miguu, na kila mara alilalamika njia, na jua, na mbu wa Sabaki ambao alisema wana meno. Kwetu kila mtoto wa marehemu hutandikiwa mkeka wa majirani zake, wale waliomlisha, na siku ya mwisho hukaa hapo wakapewa nyama. Mkeka wa Lewa ulijaa watu wakakaa mpaka mchangani. Wa mamangu ulijaa pia. Wa Dzombo ulikuwa na mtu mmoja. Kahonzi aliketi katikati yake, akanyoosha miguu, akaujaza.

"Nyama hii mmeichemsha," akauliza, "au mmeiogesha tu?"

Koma ilisimamishwa baada ya mavuno. Lewa alichimba shimo. Mti ulipoletwa aliushika juu, kisha akasogeza mikono yake ikabaki nafasi chini, akamwita mdogo wake mbele ya watu wote, "Njoo ushike. Leo hujalala." Mjomba akashika. Waliutia pamoja, na mamangu akashindilia udongo kwa mguu.

Aliporudi Fundo, kitu cha kwanza alichofanya mjomba ni kuchukua gunia akaliziba lile dirisha la kioo la upande wa bara. Serikali haikuulizwa. Alisema ni heshima kwa jirani.

Baada ya siku si nyingi nilipeleka unga. Nilipopita pwani Ngomeni, Kahonzi aliniita na mwiko wake.

"Unakwenda kwa yule?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie aondoe gunia lake. Usiku naangalia, naona giza tu. Nitajuaje kama amefiwa au amekufa mwenyewe?"

"Na kuku, bibi?"

"Kuku nimewauza," akasema, akageuza samaki.

Nikampelekea mjomba maneno hayo. Alipanda ngazi na kisu, akakata kamba za gunia, akalileta chini akalitandika juu ya masanduku yake ya mchicha, kuyakinga na chumvi.